Ufunguo Ulioandikwa Jina Lako

Keko, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Julai 1996.

Kwako mtani wangu Mwishehe,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa masika sasa unakanyaga bila manung'uniko. Sisi huku ni wazima. Anastasia anakusalimu sana. Presha yake imeshuka tangu daktari amkataze chumvi, ingawa nina habari za uhakika kwamba anaifuata kwa jirani, kwenye samaki wa kukaanga. Nyumbani kwako nilipita juzi. Shemeji Mwajabu hajambo, vitumbua vyake bado vinaisha kabla ya saa mbili asubuhi, na Najat anaendelea kufundisha chekechea pale karibu na msikiti. Amefanana nawe mpaka namna ya kucheka, maskini.

Nauliza pia hali ya mihogo, maana nasikia huko Maneromango umekuwa mkulima kamili. Mzaramo kushika jembe mwaka mzima ni habari ya kutangazwa redioni. Mimi bado napiga msasa kwa fundi Gibson hapa Keko. Makochi yamejaa mpaka barabarani, ila wanunuzi siku hizi wanataka ya Dubai, na Gibson akiona lori la mizigo ya bandarini linapita huacha kazi akalilaani mpaka lipotee. Vumbi la mbao limeniingia kifuani, nakohoa kidogo, si kitu cha kukutia wasiwasi.

Sasa niseme kilichonifanya nikae na kalamu. Barua hii naiandika kwa kaboni, nakala tatu. Ya juu ni yako. Ya pili ni ya wazee wa kijana mmoja aitwaye Twalib, ambao habari zao zinafuata. Ya tatu nitamtumia Bwana Anselmo, mkubwa wetu wa kule ng'ambo, kwa anwani aliyoniachia. Kwa hiyo usishangae nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi. Wazee hawakuwepo, Bwana Anselmo hakuyaona yote, na nataka wayasome kwa mpangilio, yakiwa yameandikwa kwa mkono wangu.

Wiki tatu zilizopita walikuja kwangu wazee wawili wa Twalib, mjomba wake na baba yake mdogo. Kijana ni fundi wa majokofu pale Mtoni, mpole, na ameleta posa kwa Najat. Wazee walikuja kuulizia nyumba wanayotaka kuoa. Unajua nilivyokuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka kumi na mmoja, na ingawa vyama vingi vimeniachia daftari tu na ubalozi wenyewe hauna meno tena, watu wazima wa mtaa huu bado wakitaka kujua tabia ya familia wanapiga hodi kwangu. Waliniuliza juu ya Mwajabu, nikamsifu. Wakauliza juu ya Najat, nikamsifu zaidi. Kisha mjomba akasogeza kiti, akasema kwamba wamesikia baba wa binti alikuwa ng'ambo kwenye kazi za kulinda amani, akafukuzwa kwa kuuza majina ya watu, na watu wale wakauawa. Akaongeza kwamba mimi nilikuwa naye huko. Je, ni kweli?

Mwishehe, niliwajibu kwamba mambo ya huko yalikuwa mengi na mimi nilikuwa karani tu, sikuyajua yote. Nikawaongezea chai. Mzee wa watu akanitazama, akasema wanakwenda kutafakari, watarudi Ijumaa ya tatu kuchukua neno la mwisho. Walipotoka Anastasia alikusanya vikombe bila kunisemesha.

Labda ningekaa hivyo hivyo mpaka Ijumaa hiyo, nikasema tena kwamba sikuyajua yote. Lakini Jumanne iliyopita Gibson alinituma Tandale kutafuta magunia matupu ya kufungia makochi. Pale sokoni, upande wa nafaka, mama mmoja aliyekaa nyuma ya lundo la maharage akaniita, "Karani!" Hakuna mtu Dar es Salaam anayeniita karani. Nikageuka. Alikuwa Yuliana, mke wa balozi wa kumi la saba kule kwenye kambi ya wakimbizi. Amekonda, amefunga kitambaa cheupe, anauza maharage ya watu kwa ujira. Alinishika mikono yote miwili. Aliniuliza habari za watoto, akanipimia kibaba cha maharage na kukataa malipo, akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye aliyewaandika kambini kwa heshima, kila mtu kwa jina lake, wakati wengine waliwahesabu kama mbuzi. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za yule dereva.

Akasema, "Kila Jumapili namtaja kwa jina mbele ya Mungu. Siombi afe. Naomba asilale."

Nikabeba maharage yake mpaka Keko. Sijayala mpaka leo, yako juu ya kabati.

Basi tuanze. Wewe na mimi tulipunguzwa kazi kiwandani siku moja, na mwaka 1994 tukaajiriwa pamoja katika ujumbe ule, kwa kuwa kule mashariki ya nchi ile watu wanaelewa Kiswahili. Wewe ulikuwa dereva na mtunza stoo, mimi karani wa ofisi ya siasa chini ya Bwana Anselmo. Tulikuta kambi ya watu elfu mbili na ushee waliokimbia mashamba yao, mahema mia tatu kando ya barabara. Upande wa mlimani alikuwa Kamanda na watu wake, upande wa mjini alikuwa Gavana na askari wake, na katikati tulikuwa sisi na wanajeshi arobaini wa kulinda amani, nusu yao wakiwa na malaria.

Mimi nilidhani kulinda watu ni kazi ya wale arobaini. Bwana Anselmo alinicheka. Alikuwa mrefu, mwenye subira ya kuudhi, na Kiswahili chake alikipata kwa mapadri. Aliniambia, "Polikarpo, risasi zetu zitaisha kwa nusu saa. Lakini Kamanda akiwa na sababu ya kutaka soko liwepo wiki ijayo, sababu hiyo inalinda watu hata sisi tukilala."

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Ulikuwa ukimwendesha mwenyewe, mlimani Jumatatu, mjini Jumanne, ukirudi na mgongo unauma. Alikaa na Kamanda akanywa pombe yake mbaya, akakaa na Gavana akasikiliza hotuba zake, akatafuta ni kitu gani kila mmoja anakihitaji na hawezi kukipata bila mwenzake. Huyu alitaka chumvi na dawa, yule alitaka barabara ya kupitisha malori. Baada ya wiki nyingi wakatia sahihi karatasi moja. Vizuizi viwili viliondolewa, soko likafunguliwa kila Alhamisi karibu na kambi, na kila upande ukatoa wazee wake wakae kwenye kamati moja ya kusikiliza malalamiko. Kwa miezi minne hakuuawa mtu. Wanawake walianza kwenda mashambani kwao na kurudi na ndizi. Unakumbuka ulivyonunua kuku wa kwanza pale sokoni ukasema ni mzee kuliko Kamanda?

Nami nikataka kutoa mchango wangu. Kambi ile ilikuwa haina utaratibu, mahema yamekaa ovyo, mgawo wa unga ni kusukumana. Nikapendekeza tufanye kama kwetu, nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Bwana Anselmo alisita, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba Kamanda na Gavana watapewa hesabu tu, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Alisema, "Majina hayatoki kwenye kabati hili." Alirudia mara mbili, kwa Kiswahili na kwa lugha yake.

Nilipita hema kwa hema kwa wiki tatu. Nakiri nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu daftari langu la Temeke lipoteze kazi. Mabalozi thelathini niliwachagua mwenyewe, watu wazima, wanaoheshimika. Jina la balozi niliandika juu, kwa wino mwekundu, na kumi lake chini, pamoja na kijiji alikotoka kila mmoja. Mume wa Yuliana alikataa. Alisema yuko radhi kugawa unga na kuamua ugomvi, ila hataki kuandikwa juu ya karatasi ya mtu yeyote. Nilikaa kwake asubuhi nzima. Nilimwambia kwamba kwetu kuwa balozi ni heshima, kwamba mimi mwenyewe nimekuwa balozi miaka kumi na mmoja na sijapata baya lolote. Mwishowe akakubali kwa kunionea aibu, maana nilikuwa mgeni wake.

Yaliyofuata dunia nzima ya kule inayajua. Alhamisi moja ya mwezi wa tano, watu wa soko wakiwa njiani, walitokea watu wenye silaha kwenye kona ya daraja. Hawakufyatua ovyo. Walikuwa na karatasi. Waliwasimamisha watu wakaanza kusoma majina, na waliyesoma jina lake walimtoa pembeni. Walisoma yale ya juu tu. Mabalozi kumi na mmoja walikuwa wamekwenda sokoni siku ile, na wote kumi na mmoja hawakurudi. Yuliana alikuwa amesimama karibu na mumewe na kikapu cha nyanya kichwani.

Wale waliobaki waliokolewa na Bwana Anselmo, na hili nataka liandikwe pia. Alikwenda mlimani bila askari hata mmoja, wewe ukiwa kwenye usukani, akakaa kwa Kamanda siku nne. Hakumtisha, maana hakuwa na cha kumtishia. Alimwonyesha tu kwamba chumvi imekwisha, malori yamesimama, na wazee wake mwenyewe kwenye ile kamati wanaona aibu. Siku ya tano njia ilifunguliwa na kambi nzima ikavuka mpaka kwa miguu, hakuna aliyeguswa. Nilisimama kando ya barabara wakipita. Wengine walinipungia mkono.

Kisha kikaja kikao cha uchunguzi. Walitoka makao makuu watu watatu, wakakaa siku mbili kwenye hema la kulia chakula. Walishajua karatasi zile zilikuwa nakala ya kaboni ya orodha yangu, na walishajua kwamba Didas, katibu wa Kamanda, mwalimu wa zamani mwenye sauti laini, alitoka ofisini kwetu siku tisa kabla na bahasha mkononi, wewe ukamrudisha kwa gari mpaka njia panda. Walitaka kujua nani alifungua kabati. Ufunguo ulitunzwa stoo, na kila aliyeuchukua alipaswa kutia sahihi kwenye daftari la funguo. Daftari halikuonyesha sahihi ya mtu. Maana yake ufunguo haukutoka mikononi mwako.

Wakakuuliza kama ulimpa mtu yeyote. Ulinitazama. Nilikuwa nimekaa mezani pembeni, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao. Nikainamisha kichwa nikajifanya naandika, na hapakuwa na neno la kuandika. Ndipo ukasema, "Ufunguo umeandikwa jina langu. Andikeni hivyo." Nami nikaandika hivyo, Mwishehe, kwa mwandiko mzuri, nikapigia mstari.

Ulifukuzwa Jumamosi. Mimi nilibaki miezi minane mingine. Maneno yakafika Temeke kabla yako, kwa yule fundi redio wa ujumbe wetu aliyekuja likizo, na barazani wakaanza kukuita jina ambalo sitaliandika hapa. Ukahamia Maneromango ukasema umechoka na kelele za mjini.

Wazee wangu mtakaosoma nakala hii, na wewe Bwana Anselmo, someni hapa kwa makini.

Ufunguo nilikuwa nao mimi. Bwana Anselmo alikuwa amekwenda mji mkuu. Didas alifika kama saa nne, akanisalimia kwa adabu, akasema sifa za utaratibu wangu zimefika mlimani. Akasema Kamanda anasita kuongeza muda wa mapatano kwa sababu watu wake wanadai kambini kumejificha wapiganaji. Laiti angeweza kumwonyesha kwamba ni wakulima na wajane tu. Nilikwenda stoo nikamwambia Mwishehe anipe ufunguo. Akanisukumia daftari nitie sahihi. Nikamwambia tangu lini mtani anamwandikisha mtani wake. Akacheka, akanipa.

Nilimfungulia Didas kabati. Kwetu, Bwana Anselmo, balozi akiulizwa daftari na mkubwa analionyesha, na daftari safi ndilo linalomwondolea mtu mashaka. Nilifikiri akiona jina la kila mtu na kijiji chake ataona ni binadamu. Huo ndio ukweli, lakini si wote. Ukweli mwingine ni kwamba nilitaka ukirudi nikuambie kwamba mapatano yameongezwa muda, na aliyeyaongeza ni mimi. Nilijiona mwanasiasa. Alipoomba nakala nilimpa ile ya kaboni, nikaitia kwenye bahasha mwenyewe, nikailamba. Mwishehe hakujua kilichomo. Alimwona tu ameishika.

Watu kumi na mmoja nimewaua mimi kwa wino mwekundu, na wa saba nilimbembeleza asubuhi nzima. Kuogopa kwangu kulianza pale, hakukuisha kwenye hema la kikao, na wiki tatu zilizopita kulinifanya niwaongezee wazee chai.

Juzi Ijumaa walirudi. Niliwaambia yote haya kwa mdomo, nimesimama. Anastasia alikuwa mlangoni, naye alikuwa hajui. Baba mdogo alitazama chini. Mjomba akasema taratibu, "Kumbe tulikuja kuulizia tabia kwa mtu asiyekuwa nayo." Akataka nimwandikie, na ndiyo nakala yake hii. Jana jioni wametuma mtu kwa Mwajabu kusema posa iko palepale na wangependa kujua baba wa binti anarudi lini, maana ndoa haiwezi kufungwa bila yeye. Hilo la kurudi nimeona ulisikie kwanza, kabla ya mtu mwingine kukuletea.

Kesho nakwenda Tandale kumsomea Yuliana barua hii, maana hajui kusoma. Nitamrudishia na maharage yake. Asiponifukuza nitamwomba Jumapili abadilishe jina.

Bado neno moja. Umeniandikia barua tatu tangu uende Maneromango, na zote nimezitoa usiku wa kuamkia leo, nikazipanga mezani. Tangu tujuane miaka ishirini hujawahi kuniandikia bila kunianza kwa "Mpagazi wangu," ukanikumbusha kwamba babu zangu Wanyamwezi walikuja pwani wamebeba mizigo ya babu zako. Ulinitania kwenye msiba wa mama yangu, mpaka padri akatabasamu. Umenitania kipara, umenitania Anastasia, umenitania hata kikohozi. Katika barua hizi tatu umeniita "Ndugu Polikarpo." Umeniuliza afya. Umenitakia heri. Hakuna utani hata mmoja, na nilijidanganya kwamba ni uzee au mihogo. Ulijua tangu mwanzo, na ulinipa nafasi ya kusema mbele ya watu watatu, nami nikainama. Hukuona cha kunitania tena.

Sikuombi msamaha, maana si wewe peke yako niliyemkosea na wengine hawawezi kunijibu. Nakuomba uje kwenye harusi ya binti yako. Ukifika ukanipita barazani bila neno, nitakuwa nimestahili, na nitashika sinia za pilau nyuma ya nyumba na wapishi. Lakini ikitokea siku ukaweza, niite tena lile jina, mbele za watu, kwa sauti, uwaulize ni mpagazi gani huyu aliyemtwisha mtani wake mzigo wake akatembea mikono mitupu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mama mdogo wako mpe shikamoo yangu. Anastasia ameongeza chumvi kidogo kwenye bahasha, utanisamehe, anasema nisipotania hata mara moja hutaamini kwamba barua ni yangu.

Ni mimi mtani wako,
Polikarpo,
aliyekuwa balozi.